Upepo wa Boti ya Keith

Benchi liko mbele ya duka la chambo, pale Edithburgh, mji mdogo wa pwani kusini mwa Australia, linatazama mteremko wa kushushia boti, na ukigeuza shingo kidogo unaiona gati yote na ngazi zake. Miaka ya ujana wao, wazee wale watatu walizishuka ngazi hizo na mitungi ya hewa mgongoni, wakaenda kutazama samaki chini ya nguzo, wakazipanda tena wakichuruzika maji. Siku hizi hawazishuki. Wanazitazama tu, wanakunywa kahawa ya chupa na kubishana. Asubuhi hiyo ya Mei baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye meno, na mbele yao, juu ya trela, ilikaa boti ya mpira ya marehemu Keith. Jana jioni ilijaa upepo ikawa ngumu kama tikiti maji. Leo ilikuwa imelegea.

— Imelegea, alisema Boya.

Boya jina lake la kuzaliwa ni Trevor Pascoe. Walimwita Boya kwa sababu mwili wake haukubali kuzama mpaka afungwe vyuma vya kumtosha farasi. Goti lake la kushoto ni la bandia, la kulia linangoja zamu.

— Naona. Kwani mimi kipofu? alijibu Redio.

Huyu ni Zoran Matić, aliyevuka ghuba kutoka Port Lincoln mwaka aliooa, na tangu alipovuka hajanyamaza.

Wa tatu ni Colin Rohrlach, wao humwita Fundi, maana alitengeneza pampu za visima vya wakulima mpaka alipostaafu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuikagua boti kabla hawajaamua kuinunua. Zamani hawakuhitaji kujua chochote juu yake. Keith ndiye aliyeijaza, akaivuta kwa gari na kuishusha majini. Wao walikuwa wanapanda tu kama mabwana. Keith alikufa Februari, na mjane wake, Glenys, akawaambia kaeni nayo usiku mmoja, muikague, nitakuja saa nne mniambie.

Fundi alikagua. Alipaka maji ya sabuni kila mshono na kila vali ya kuingizia upepo, akatafuta povu. Hakukuwa na povu. Aligonga ubao wa nyuma unaobeba injini, kona hadi kona, akisikiliza kama umeoza. Ulikuwa mzima. Akajaribu kuibandua gundi ya sakafu kwa kucha. Imeshika. Wenzake waliisifu bidii yake, na hawakujua kwamba muda wote alikuwa anaomba aone tundu.

Maana mwezi Machi daktari mmoja wa Adelaide alimpima moyo, akamwambia kuzamia basi. Siyo mwaka huu tu, basi kabisa. Fundi alirudi nyumbani, akaiosha suti yake ya mpira, akaitundika, hakumwambia mtu. Boti isiponunuliwa, hakuna atakayezamia, kwa sababu ngazi za gati zimewashinda wote, na siri yake itazeeka naye hapo benchini. Ikinunuliwa, Jumapili watamwambia vaa twende.

— Fundi, sema basi, alisema Boya. — Inavuja?

Fundi alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mnaiona wenyewe.

Alijua. Hewa ikipoa hunywea, na usiku ule ulikuwa wa baridi kali. Jua likishika, boti itajaa yenyewe. Mtu yeyote aliyeshika pampu analijua hilo. Lakini hakulisema, na aliona aibu papo hapo, na bado hakulisema.

— Vali hiyo, alisema Boya. — Chumvi imekula vali.

— Vali gani? Fundi kaipaka sabuni mbele yetu. Mimi nakwambia ni sili.

— Sili?

— Sili! Yule mnyama mnene wa baharini mwenye mapezi. Kapanda usiku, kalala humo, kashuka. Unajua uzito wa sili wewe?

— Kwenye trela, Redio? Kando ya barabara?

— Sili wa siku hizi hawana haya. Juzi mmoja alikutwa kwenye maegesho ya kilabu, kalala nyuma ya gari la mwenyekiti. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa miguu.

Boya alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

— Siyo sili. Ni papa.

— Haya, tumefika kwa papa, alisema Redio.

— Unamkumbuka yule mkubwa aliyetufuata, mwaka ule Keith alipovunjika kidole? Hakuuma. Alijisugua tu ubavuni. Sasa ngozi ya papa ni msasa mtupu. Mpira ukishasuguliwa na papa unakuwa mwembamba, unaachia upepo kidogo kidogo. Huwezi kuona kwa sabuni.

— Mbona unaachia usiku tu?

— Kwani papa anawinda saa ngapi?

Redio alimeza kahawa kwanza.

— Sikiliza, Boya. Ni mwezi.

— Mungu wangu.

— Mwezi unavuta bahari nzima, utashindwa kuvuta upepo wa boti moja? Boti hii imekaa majini miaka ishirini, imeshazoea kupwa na kujaa. Usiku inapwa. Mchana itajaa. We subiri tu, saa nne haijafika.

Fundi alishtuka mpaka kahawa ikamwagika kidoleni. Mzee huyu ameropoka miaka yote bila kupatia hata mara moja, na leo, siku mbaya kama leo, kapatia.

— Acha zako, Redio, alisema haraka. — Boti haina mwezi.

— Basi wewe tuambie ina nini! Fundi mzima umekaa kama umemeza kufuli.

Boya alikunja shingo ndani ya koti, akaitazama boti kwa muda.

— Ni Keith, alisema.

— Keith kafanya nini?

— Ndiye anayetoa upepo. Hataki tuinunue. Anaona hatutaiweza bila yeye.

Redio alivuta kofia ikafunika masikio. Fundi aliinamisha kichwa, maana asiyetaka boti inunuliwe alikuwa amekaa hapo hapo, anakunywa kahawa yao, na lawama anabebeshwa marehemu.

— Basi tuirudishe, alisema Boya. — Nimechoka kubahatisha, jamani. Nimechoka na goti, nimechoka na kila kitu. Nilitaka tu niwaone wale samaki wetu wenye majani mwilini, mara moja, kabla sijapasuliwa hili goti lingine. Agosti siyo mbali. Baada ya hapo sijui kama watanirudisha majini.

— Watakurudisha, alisema Redio.

— Wewe ni daktari?

— Sisi wengine ni wazee kama wewe, Boya. Nakwambia watakurudisha.

Gari la Glenys lilikuwa linashuka kutoka barabara kuu.

Alishuka na mkate wa zabibu kwenye mfuko wa karatasi, mwanamke mrefu aliyevaa sweta la mumewe. Walimpisha benchini, hakukaa.

— Shemeji, alisema Boya, akiinuka kwa shida. — Tunasikitika. Inavuja.

— Inavuja wapi?

— Hatujui. Redio anasema mwezi.

— Nilisema mwezi kwa kukisia tu, alisema Redio.

Glenys aliushika mpira uliolegea karibu na usukani, pale kivuli cha duka kilipokuwa bado kimelala, akauminya polepole.

— Keith angeona aibu. Alikuwa anaitunza kuliko nyumba. Haya, nitaipeleka jaani, watoto wako Perth, hawana haja nayo. Aliufuta mpira kwa mkono wa sweta. — Lakini hata isingevuja, kuna kitu nilitaka kuwauliza tangu jana. Nani angebaki juu?

— Juu wapi? aliuliza Redio.

— Juu ya boti. Nyinyi mkiwa chini. Keith hakuzamia tangu sikio lake lilipopasuka, alikaa juu akawalinda nyinyi watatu, Jumapili zote hizo. Sasa nani anabaki?

Walitazamana. Swali lilikuwa dogo, na hakuna kati yao aliyewahi kulifikiria.

— Redio, alisema Boya.

— Mimi? Nitaongea na nani saa nzima? Baki wewe, hata hivyo huzami.

— Mimi nina mpaka Agosti, Redio. Mpaka Agosti!

Redio aliangalia chini. Boya alichukua chupa ya kahawa, akaigeuza juu ya kikombe, yakatoka matone mawili na machicha.

Jua lilikuwa limepita paa la duka. Fundi alisimama, akaweka kiganja kwenye mpira. Chini ya mkono wake ulikuwa unaanza kukaza.

— Haivuji, alisema.

— Unasemaje?

— Haivuji, Boya. Ni baridi tu. Upepo ulinywea usiku, sasa unarudi. Njoo ushike.

Boya alishika. Redio alishika, akageuka kumtazama.

— Ulijua tangu lini?

— Tangu nilipoiona asubuhi.

— Na ukatuacha na papa? Ukatuacha tumseme Keith?

— Niliwaacha. Hakuondoa kiganja kwenye mpira. — Nitabaki juu mimi. Daktari amenikataza, tangu Machi. Moyo. Sikutaka mnione nimekaa ninyi mkishuka.

Redio alivua kofia. Boya alimshika Fundi bega, hakulibana, aliuacha tu mkono wake pale. Fundi alipanda kwenye trela, akaingia botini na kukaa nyuma karibu na injini. Kutoka pale gati ilionekana ndogo.

— Keith alikuwa anafanya nini huku saa nzima? aliuliza. — Sikuwahi kumuuliza.

— Alikuwa anahesabu mapovu yenu, alisema Glenys. — Alimjua kila mtu kwa mapovu yake. Ya Boya yanakuja kwa fujo, ya Redio hayakatiki, yako mpaka uyasubiri. Akifika tatu anakunywa chai yake, halafu anaanza tena.

Alimkatia kipande cha mkate, akamnyooshea.

— Kwako itakuwa rahisi, shemeji. Wewe utahesabu mpaka mbili.