Mama Limi Nje ya Uzio: Risala ya Wasikilizaji wa Buseresere

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Wilaya. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha. Ndugu wapigaji na waimbaji. Na ninyi nyote mliojaliwa kuwa upande wa ndani:

MAKARIBISHO

Sisi wakulima wa pamba, mafundi baiskeli, wapakuzi wa malori, wauza chai na akina mama wa nyumbani wa Buseresere na vijiji vya jirani, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tungependa kukushika mkono mmoja mmoja, lakini wengi wetu tuko nyuma ya hayo mabati unayoyaona kushoto kwako. Vile vigelegele ulivyovisikia gari lako likiingia vilitoka kwetu. Anayekusomea kwa niaba yetu ni Mwasiti Shaaban, mwenye banda la chai na wali pale yanaposimama malori ya Biharamulo. Ameingia kwa kibali cha kusoma tu, na ameambiwa akimaliza atoke. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ukiona anasoma polepole, mvumilie.

HISTORIA YA TAMASHA

Tamasha hili halikuletwa na mtu kutoka mbali. Tulilianzisha wenyewe, mwaka wa kwanza baada ya kuhamishiwa katika vijiji vipya. Pamba ilikuwa imeuzwa, watu wana nafasi, na vijana wa Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma, walikuwa wanatafuta pa kushindania ngoma zao. Kiingilio cha mwaka ule kilikuwa mzigo mmoja wa matete. Kila aliyekuja aliutua pale langoni, wazee wakayafunga, ukapatikana uzio wa kuzuia ng'ombe wasije wakakatiza katikati ya wachezaji. Ng'ombe tu, Mgeni rasmi. Hakuna aliyefikiria kuzuia watu.

Baadaye zikaja bendi za dansi kutoka Mwanza na Tabora, na magitaa yao, na jenereta. Tukaambiwa jenereta linakunywa dizeli, tuchange shilingi mbili. Tulitoa. Zikawa tano, tukatoa bila kununa, maana gitaa la umeme tulilipenda sisi wenyewe. Kisha matete yakang'olewa, yakawekwa mabati marefu kumpita mtu. Baada ya mabati, bei ikaanza kupanda kila mwaka kama vile kuna mtu anaifukuza.

Ukweli ni kwamba wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu wa Rwamgasa waliijua njia ya kuja huku. Hatuwaonei kijicho, wengine ni watoto wetu, wakitoka salama mashimoni wana haki ya kucheza. Lakini Kamati ilitazama mifuko yao ikapanga bei yetu sote. Mwenye shimo linalotoa atalipa bila kuuliza. Mwenye ekari mbili za pamba atauliza, na kuuliza kwenyewe kumekuwa kosa.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo, hatuyakatai. Biashara ndogondogo zinachangamka siku hizi za tamasha, na vijana wetu wamejifunza kupiga vyombo. Fanikio kubwa kuliko yote ni Limi Mabula. Yeye alisimama kwenye uwanja huu akiwa binti wa shule, miguu mitupu, akaimba mpaka bendi moja ya Mwanza ikamwomba kwa wazazi. Leo anaimba redioni na wewe mwenyewe umekuja kumsikiliza.

Mama yake anaitwa Apolonia, mkulima mwenzetu, mjane. Redio hana. Humsikia bintiye kwa jirani yake Pantaleo, ambaye betri zake huzianika juani zipate nguvu kidogo. Kwa hiyo sauti ya Limi humfikia mama yake ikiwa imekonda, na mara nyingi hukatika kabla wimbo haujaisha.

MATATIZO

Hapa, Mgeni rasmi, tunaomba utusikilize kwa makini, kwa sababu mwaka juzi tulisema bei inatuumiza tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na mwaka jana tukajibiwa hivyo hivyo. Safari hii tumeona tukueleze habari za mtu mmoja.

Mwaka jana bango lilibandikwa kwenye ghala la pamba: bendi ya Limi inakuja, kiingilio shilingi arobaini. Apolonia alikuwa hajamwona bintiye kwa miaka mitatu. Alisomewa bango, akaenda nyumbani, akamfungua mbuzi wake jike, akampeleka kwa Thobias mwenye bucha. Siku ya tamasha alivaa gauni lake la kanisani, akafunga karanga za kukaanga kwenye kitambaa, zile ambazo Limi alizipenda tangu utoto, akaja kwa miguu na wanawake wa kijijini kwake. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake. Wenzake wakamtania, "Mama Limi, usije ukapanda jukwaani ukacheza!" Akawajibu, "Nani atanizuia?"

Alipofika dirishani akaambiwa tiketi zimekwisha. Hatua chache kutoka pale alisimama kijana mmoja, ameshika bunda zima la tiketi hizo hizo zilizokwisha.

"Themanini, mama."

"Bangoni wameandika arobaini."

"Bango halili, mama. Mimi nakula."

Themanini hakuwa nazo. Alichobaki nacho baada ya kununua chumvi na kulipa deni la jembe kilitosha ile bei ya bango na nauli ya kurudia. Akaenda langoni, akamwamkia kijana wa zamu kama anavyomwamkia mkubwa, kwa unyenyekevu, ingawa angeweza kumzaa.

"Mwanangu, mimi ni mama yake Limi."

Kijana akamwitikia vizuri tu. "Shikamoo, mama. Leo wewe ni wa saba. Na baba zake wamekwisha kupita wanne." Walinzi wenzake wakaangua kicheko.

Apolonia alimweleza Mwasiti baadaye kwamba kukataliwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni ile shikamoo. Angetukanwa angejua la kujibu. Basi akawanyooshea kile kitambaa, akawaomba wampelekee bintiye karanga. Walizipokea kwa mikono miwili. Jua halijazama tukaona maganda yametapakaa pale langoni.

Akaja bandani kwa Mwasiti akaketi. Chai aliyopewa hakuinywa.

"Mama Sabiti," alimwambia Mwasiti, "nikirudi nyumbani niseme nini? Mbuzi ameliwa, mtoto sijamwona."

"Kumwona hutamwona, lakini kumsikia utamsikia. Inuka twende."

Wakaenda nyuma ya jukwaa, upande wa nje, tunakokaa sisi tusio na tiketi. Tulikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani. Apolonia akapewa debe la kukalia, akaegemeza sikio kwenye bati. Nyimbo za kwanza zilikuwa za dansi, akazisikiliza kwa adabu kama mtu aliye ugenini. Kisha magitaa yakapunguzwa, na Limi akaanza wimbo wa kupalilia, wa Kisukuma, ule ambao mama na mwana walikuwa wakiimba shambani, huyu mstari huu, huyu mstari ule. Si wimbo wa mtu mmoja. Anayeanzisha anauliza nani ataamka naye, na wenzake sharti waitikie kwamba wako macho, jembe liko begani.

Limi akauliza. Ndani kukawa kimya. Wengi waliokuwa ndani walikuwa wageni wenye fedha zao. Kisukuma hawakijui, na shamba la pamba hawajalipalilia. Akauliza tena.

Apolonia akaitikia.

Hakupanga kufanya hivyo. Sauti ilimtoka yenyewe, kama inavyotoka shambani. Wanawake aliokuja nao wakadakia, na sisi wengine tukafuata, na sauti ikapita juu ya mabati ikaangukia jukwaani. Magitaa yakanyamaza. Tukasikia kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia:

"Mayu? Mama? Ni wewe?"

Apolonia akasimama, akalishika bati kwa mikono yote miwili. "Nipo, ng'wanone! Nipo, mwanangu, huku nje!"

Ni kweli mabati yalitikisika. Hatutadanganya mbele yako. Watu walisogea, kila mmoja akitaka kumsaidia yule mama apaze sauti, na waliokuwa nyuma wakawasukuma waliokuwa mbele. Lakini hakuna bati lililong'oka wala mtu aliyeruka. Vijana wa lango wakatoka na fimbo wakipiga kelele kwamba tunavunja uzio. Tulikimbia. Apolonia hakuwahi. Aliangukia kwenye mfereji wa maji ya mvua, na mkono wake wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko.

Ndani walitangaziwa kwamba ni walevi tu. Bendi ikaambiwa iendelee. Limi aliuliza mara mbili, akajibiwa vile vile, akaimba hadi mwisho. Kisha lori la bendi likaondoka naye kuelekea Biharamulo, likipita mbele ya banda ambamo mama yake amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao na kanga ya Mwasiti.

Msimu ule Apolonia hakushika jembe. Tulimpalilia kwa zamu. Habari zilimfikia Limi kupitia kwa dereva mmoja wa lori, akaomba ruhusa kwenye bendi, akaja. Mwasiti alikuwepo siku hiyo, amepeleka unga. Limi alipiga magoti mlangoni.

"Mayu, waliniambia ni walevi."

"Nilewe nini?" mama yake akamwuliza. "Pombe ya shilingi themanini?"

Hapo wote watatu wakacheka, kisha wakalia. Limi akasema atarudisha mbuzi, atarudisha fedha ya dawa. Apolonia akamkatiza. "Mbuzi nitamfuga mwingine. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Hivi unapoimba wimbo ule, unamwimbia nani, kama sisi wa kuitikia tumefukuzwa?"

Binti aliporudi Mwanza aliiandikia Kamati kwamba mwaka huu, mama yake asipokuwa ndani, yeye hatapanda jukwaani. Kamati ilikubali haraka kuliko ilivyowahi kutukubalia jambo lolote. Asubuhi ya leo mjumbe wake amekuja mpaka bandani kwa Mwasiti, amemletea Apolonia kadi ya heshima, kiti cha mbele. Na ni Kamati hiyo hiyo ambayo imeweka kiingilio cha mwaka huu kuwa shilingi mia na ishirini.

Apolonia aliigeuza kadi huku na huku. Akatuangalia sisi tuliojaa pale bandani.

"Na hawa?"

"Hawa ni wasikilizaji tu, mama."

"Mwaka jana mimi nilikuwa nani?"

Mjumbe akaanza kueleza gharama za dizeli. Apolonia akamrudishia kadi yake kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia mkono huo, kwa kuwa wa kulia haunyooki.

Kile kiti cha pili kutoka kwako, Mgeni rasmi, chenye kitambaa cheupe, si cha mtu aliyechelewa. Mwenyewe yuko nje ya mabati pamoja nasi.

MAOMBI

Hatuombi kuingia bure. Tunaomba bei ambayo mtu anaweza kuilipa bila kuuza mnyama. Kama siku ya Jumamosi ni lazima iwe ya wenye dhahabu, iwe yao, lakini tupewe hata alasiri moja iwe yetu, bendi zile zile, jukwaa lile lile. Na kama fedha ndiyo shida, tuna mikono. Tutafyeka uwanja, tutachota maji, tutajenga vibanda vya kivuli, tuhesabiwe hiyo kuwa kiingilio.

Tunaomba bei ya bangoni ndiyo iwe bei ya dirishani, na tiketi zikiisha ziwe zimeisha kweli. Serikali imewasaka walanguzi wa sukari, wa sabuni na wa vitenge mpaka chini ya vitanda, nasi tulishangilia. Mlanguzi wa tiketi anasimama hadharani, karibu na dirisha, na anajulikana kwa jina. Sisi hatutamtaja hapa kwa sababu Mwasiti ana watoto. Lakini ukituuliza pembeni tutakuonyesha.

Tunaomba pia asipigwe mtu kwa kuitikia wimbo. Hili tunaona haya hata kuliandika, Mgeni rasmi. Watu wazima tunaomba ruhusa ya kuitikia wimbo wetu.

Na tafadhali, majibu ya safari hii yasiwe kwamba suala linashughulikiwa. Tumechoka kushughulikiwa.

HITIMISHO

Tunakutakia heri, wewe na familia yako, na safari njema ya kurudi wilayani. Mungu akupe afya, akuepushe na barabara hii yetu iliyochimbika, na akujalie usingizi mzuri baada ya muziki wa leo. Wapigaji na waimbaji tunawaombea vidole vyepesi na makoo mazima. Kamati nayo tunaiombea, ingawa wapo wenzetu waliotaka sentensi hii iondolewe.

Risala yetu inaishia hapa. Sasa utasimama, utapewa kipaza sauti, na utatamka kwamba tamasha limefunguliwa. Tunakuomba jambo moja dogo: ukishatamka, geuka upande wa lango, uwaambie na wale vijana wafungue.

Ni sisi,
Wasikilizaji wa Nje ya Uzio,
Buseresere, Julai 1985.