Tulidhani Kimya cha Simu ni Afya

Risala ya wajitolea wa Wiesenhafen, Pomerania, kwa Waziri wa Afya wa jimbo, siku ya kuzindua awamu ya pili ya picha za mwili mzima

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri,

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Sisi hatukuficha kitu. Tulivua saa, pete na mikanda, tukalala ndani ya mashine ya sumaku ili tuonekane utosi hadi unyayo. Aliyeficha ni aliyeona.

UKARIBISHO

Karibu katika ukumbi wetu wa zimamoto. Kahawa ipo. Keki hazipo, na sababu utaisikia.

HISTORIA YETU

Utafiti ulipofika mjini kwetu haukutaka wagonjwa. Ulitaka wenye afya, ili madaktari waone mwili unavyozeeka kabla haujaugua. Tukajitokeza: mafundi wa meli, walimu, waoka mikate. Tukaambiwa kikionekana kitu kibaya, daktari atapiga simu.

Hapo tukakosea, na kosa ni letu. Tuliyageuza maneno yale tukasema: simu isipolia, u mzima. Ikawa desturi. Majuma yakipita bila simu, mtu anaoka keki, anaileta hapa, tunaila pamoja. Tuliiita keki ya kimya. Daktari Lüders, mkuu wa utafiti, alikula nasi, akaomba na kipande cha pili. Hakutusahihisha.

MAFANIKIO

Picha zetu zimewafunza madaktari mengi, na tunajivunia. Wapo pia waliopigiwa simu. Mzee Henning Prüter, mchomeleaji mstaafu, aliambiwa ana doa kwenye ini. Majira yote ya baridi hakupata usingizi, kisha doa likawa si kitu.

"Nimekonda bure," hutuambia, "mpaka suruali ya harusi inaniingia."

"Acha uongo wewe," mkewe humjibu. "Hiyo suruali ni ya kaka yako!"

Kwa hiyo tunajua, Mheshimiwa, kwamba kuambiwa nako kunaumiza.

CHANGAMOTO

Mama Wiebke Tessmann ndiye yule wa safu ya mbele, mwenye skafu ya kijani. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwake. Simu yake haikulia, naye akaoka keki ya plamu. Majira haya ya kuchipua akaona damu kwenye mkojo. Hospitali ikakuta uvimbe kwenye figo. Akamwendea Daktari Lüders, nasi tukamsindikiza.

"Mliuona?" akamuuliza.

"Tuliuona, Mama. Ulikuwa mdogo sana. Kanuni yetu inasema vidogo tuviache, tusiwatie watu hofu bure."

"Na keki yangu ulikula?"

Daktari akaanza kumweleza vipimo vya uvimbe.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulikula?"

"Nilikula, Mama."

Atapasuliwa Jumanne. Hakuna anayejua kama uvimbe umebaki kwenye figo au umeshatembea. Na sisi wengine tunajitazama kwenye vioo tusijue tunatafuta nini. Simu ikilia, tunashtuka. Isipolia, tunashtuka zaidi. Hakuna anayeoka tena.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi mashine izimwe. Tunaomba picha zetu za zamani, zile zenye vitu vidogo vilivyoachwa, zisomwe upya na daktari kabla hamjatupiga nyingine, kwa sababu katika safu hizi huenda yupo mwenye uvimbe kama wa Mama Wiebke na anakunywa kahawa yake kwa amani. Tunaomba kila mmoja aulizwe mapema: ukikutwa na kitu kidogo, uambiwe au usiambiwe? Achague mwenyewe. Mzee Henning amesema ataka kuambiwa, hata akonde tena. Na mlangoni mtu atuambie kwa mdomo wake kwamba kimya si cheti cha afya.

Msomaji wa risala hii ndiye aliyepangwa kulala kwenye mashine leo, wa kwanza, mbele ya kamera zako. Hatalala. Wala mwingine yeyote kati yetu, mpaka tupate jibu.

Mungu akurudishe salama nyumbani kwako, na Jumanne auongoze mkono wa mpasuaji.

Asubuhi hii kamati ya utafiti iliisoma risala hii, ikatutaka tuiondoe sehemu ya Mama Wiebke au, tukikaidi, tukuombe radhi kwa kukuharibia sherehe. Hatukuiondoa. Radhi hatuombi.

Ni sisi,
Wajitolea wa Picha za Mwili, Wiesenhafen