Mwalimu Batholomeo Chilongani na Lugha ya Jikoni Kwake

Ndugu waombolezaji, baba yetu alizaliwa Chamwino tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa Mzee Jordan na Bibi Emiliana. Alisoma hapa hapa Dodoma, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu isimu mwaka 1977. Mwaka 1979 alifunga ndoa Tukuyu na mama yetu Bupe, muuguzi, wakahamia Miyuji, baba akafundisha chuo cha ualimu.

Kilichomkaa moyoni ni jinsi lugha zinavyozaliwa. Alipenda kueleza kwamba watu wasioelewana wakikutanishwa na kazi huokoteza maneno machache ya huku na huku. Hiyo ni pijini, haina mwenyewe. Watoto wakikulia humo, huijaza ikawa lugha yao kamili, nayo huitwa krioli. Mwaka 1984 alikwenda Morisi kusoma krioli ya kule, akamwacha mama na mimba yangu, mimi Violeth ninayewasomea.

Nilipozaliwa, bibi zetu wote wawili walikuja kumlea mzazi. Bibi Emiliana na Kigogo chake, Bibi Restuta, mama yake mama, na Kinyakyusa chake. Kiswahili chao kilikuwa cha salamu tu. Mama alirudi kazini, lakini hakuna bibi aliyekubali kuondoka wa kwanza. Wakabaki kugombania sufuria, huyu mlenda, yule ndizi. Kugombana nako kunataka maneno, wakayatengeneza. “Mbukwa”, salamu ya Kigogo, na “ndaga”, asante ya Kinyakyusa, ziliungana, “mbukwa ndaga” ikawa karibu, asante, pole, na nipishe hapo.

Baba aliporudi mwaka 1987 nilimkimbilia nikamsimulia habari ndefu. Hakuambulia kitu.

“Bupe, huyu mtoto anaongea nini?”

“Muulize mama yako. Au mama yangu.”

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akacheka mpaka machozi. Mdogo wangu Luka alipozaliwa mwaka uliofuata, baba alitangaza kuwa sasa tumekuwa jamii ya wasemaji.

Bibi zetu walipofariki, tukahamia Kiswahili, na hilo lilimuuma. Alipougua figo mwaka jana hakuogopa kufa, aliogopa lugha ile kuzikwa naye. “Mmebaki nayo nyie wawili tu,” alituambia. “Wapeni watoto.” Tukaanza kuwafundisha wakati wa kula, kwa aibu.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 2025. Siku moja kabla, mjukuu wake Edina alimpelekea uji, akamwambia kwa lugha ile anywe kwanza ndipo alale. Baba alifumbua macho.

“Nani kamfundisha kusema hivyo?”

Tulimwambia ukweli. Hakuna aliyemfundisha sentensi ile.

“Kaipanga mwenyewe!” alisema, akacheka, akanywa uji wote.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, na lugha yenye wasemaji saba. Tutakukumbuka sana. Mungu akupe pumziko jema.

Mbukwa ndaga, Baba.