Swali la Sista Tabea

Tarehe 30 Juni mwaka huu Sista Tabea Sumari anavua sare ya uuguzi aliyoivaa kwa miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo katika chumba chetu cha dharura.

Ni mzaliwa wa Kikwe. Wageni kazini tulimwogopa wiki moja tu. Ya pili tulikuwa tunakunywa chai yake ya maziwa huku akitugombeza kwa kusahau kunawa mikono.

Mwaka 2003 mdogo wake, Nathanaeli, aliumwa na nyuki shambani, akashika kifua, akafariki njiani kuelekea hospitali. Watu wakasema ni moyo tu. Tabea hakubishana, lakini hakuridhika.

Miaka kumi na sita baadaye aliletwa Mzee Lerionka kutoka Maji ya Chai, jasho likimtiririka, kifua kimembana. Kipimo kilionyesha mshtuko wa moyo. Mimi ndiye niliyekuwa daktari wa zamu, nikaagiza dawa za moyo. Tabea alipomfungua vifungo vya shati, akakuta vipele vimetapakaa tumboni.

“Shikamoo baba. Umeumwa na mdudu leo?”

“Marahaba mwanangu. Nyuki. Watatu tu.”

Akanigeukia. “Daktari, huu ni mzio, na ndio unaobana moyo. Tutibu vyote viwili.”

Nilisita. Akanishika mkono. “Nilishamzika mmoja.”

Nikampigia daktari bingwa, naye akakubaliana na Tabea. Tukatibu vyote, na mzee akapona. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa zile chembe za mwili zinazoleta mzio zimezidi kwake. Zikichokozwa, humwaga kemikali zinazosababisha vipele na uvimbe, na wakati mwingine hubana hata mishipa ya moyo.

Tangu siku hiyo, kila anayefika kwetu na maumivu ya kifua huulizwa pia kuhusu mzio, kwa fomu tuliyoiandaa. Tulitaka fomu hiyo iitwe kwa jina la Tabea. Akakataa, akacheka.

Ila hakucheka asubuhi ile mzee alipokaa kitandani na kuomba uji. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi, akamlilia Nathanaeli. Nilikaa naye.

Sista Tabea, asante kwa kila uhai ulioushikilia. Nenda nyumbani Kikwe, migomba inakungoja. Mungu akupe miaka mirefu na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Ingawa, tukikwama, tutapiga.