Bwana Dakika na Amina Isiyoitikiwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi saa aliyeitwa mtaani Bwana Dakika. Amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Hakuoa. Aliishi peke yake, chumba cha nyuma ya duka.

Duka lake lilitenganishwa na la fundi cherehani, Mzee Pindo, kwa ubao mmoja mwembamba. Kila asubuhi, saa moja kamili, Bwana Dakika alisimama mbele ya meza yake akasema kwa sauti: "Namwamini Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja." Hakuna aliyeitikia. Mzee Pindo ni Mwislamu. Yeye aliondoa tu mguu kwenye cherehani mpaka maneno yaishe.

"Amina sikumwitikia hata siku moja," anasema Mzee Pindo. "Ningekuwa namdanganya. Naye hakuniomba. Ila akirefusha, nilimgongea ubao: Bwana wee, suruali ya watu inangoja."

Wema hulipwa kwa wema. Jirani yake aliposwali, Bwana Dakika alizifunga kengele za saa kwa kitambaa zisilie.

Kwao pia ni Waislamu. Alibatizwa akiwa na miaka arobaini, na tangu hapo nyumbani alikwenda kwa kualikwa tu. Baba yake alipozidiwa, mdogo wake alimfuata dukani. "Kaka, njoo. Lakini maneno yako yaache hapa."

Alikubali. Siku mbili alikaa kando ya kitanda, akimnywesha mzee maji kwa kijiko. Siku ya tatu shangazi yake akamuuliza mbele ya jamaa wote, "Mwanangu, yale ya Utatu si umeshayaacha?"

Dada yake mkubwa anakumbuka. "Tulimsihi kwa macho. Aseme ndiyo tu, yaishe."

Alikiweka kijiko chini. "Hapana, shangazi. Bado naamini."

Aliambiwa atoke, akatoka. Baba alifariki kesho yake, na yeye akapata habari kwa mteja. Miaka kumi na tisa hakuvuka tena kizingiti kile. "Nisingeweza kumuaga baba kwa uongo," alimwambia Mzee Pindo, kisha akarudi kwenye saa zake.

Hata kanisani hakupata wenzake wengi. Mchungaji alimwomba awaeleze watu Utatu kwa mishale mitatu ya saa. Akakataa. "Mishale ni vipande, mchungaji. Nikiung'oa mmoja, miwili inabaki. Mungu hana kipande cha kung'oa." Hakuombwa tena kusema.

Alhamisi iliyopita, saa moja kamili, Mzee Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani. Akangoja. Kimya. Akagonga ubao. Kimya. Ndipo akazunguka kwenda kumtazama.

Mazishini dada yake alikuja. Alisimama nje ya uzio wa makaburi hadi mwisho.

Tunawapa pole dada, mdogo wake na jamaa wote. Pole pia kwako, Mzee Pindo. Nasi wasikilizaji tujiulize: ni nani tuliyemtaka aseme uongo ili tumpe kiti?

Duka la saa limefungwa. Lakini kila saa moja asubuhi, cherehani ya jirani bado inasimama, kwa muda ule ule wa maneno yale. Tulimuuliza Mzee Pindo anangoja nini.

"Singoji kitu," alisema. "Mguu wenyewe unaondoka."