Alimtaka Baba, Akajibiwa na Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni na mlioko kazini, acheni kidogo mnachokifanya. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifundisha historia ya dunia katika shule ya parokia kwa miaka thelathini na mmoja. Naam, miaka thelathini na mmoja, darasa la sita hadi la nane. Ametutoka Alhamisi iliyopita, asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Wanafunzi walimwita Karne. Ukichelewa kipindi chake dakika tano, alikutazama juu ya miwani akasema, "Karibu. Ufalme mzima umeanguka, wewe hukuwepo." Darasa lilivunjika mbavu, nawe ukakaa na aibu yako.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufundisha vita yoyote, darasa lilisimama kuwaombea waliokufa, wa pande zote mbili. Mtoto mmoja aliwahi kugoma, akasema wale wengine walikuwa wabaya. Karne akamwambia, "Basi hao ndio wanaohitaji sala zaidi. Simama."

Kulikuwa pia na sura ya biashara ya watumwa. Kila mwaka wazazi wawili watatu walikuja juu. Kwa nini shule ya Kanisa iwaambie watoto kwamba watu waliobatizwa waliwanunua wenzao? Mkuu wa shule, sista mpole sana, alimwomba aipitie harakaharaka. Akakataa katakata. "Sista, nikiwaficha hili, siku wakiligundua wenyewe hawataniamini hata nikiwaambia Yesu alifufuka."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo anapoingia binti yake, mtoto wake wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, dawati la pili, katika darasa la baba yake mwenyewe. Shuleni alimwita Mwalimu, kama wenzake. Siku ya sura hiyo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao waliouza watu, Jumapili walipokea Komunyo?"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Na Mungu akanyamaza tu?"

Kengele ikalia.

Jioni ile, nyumbani, msichana alikaa mezani akisubiri jibu. Chakula kilimshinda. Lakini baba alikuwa na sheria yake: ya darasani yanaishia darasani, watu wasije wakasema anampendelea wa kwake. Akaongelea paa linalovuja. Kesho yake alijibu darasa zima, kipindi kizima, uso kwa ubao. Alisema Mungu hakunyamaza, alikuwa miongoni mwa waliofungwa minyororo, na waliobatizwa wakampita. Wenzake binti waliandika. Yeye hakuandika kitu. Alimtaka baba, akajibiwa na mwalimu.

Jumapili iliyofuata hakwenda kupokea Komunyo. Wala ile ya pili. Ikawa miaka kumi na tisa. Sasa ni fundi cherehani katika mji mwingine. Kila likizo alikuja nyumbani, akaleta zawadi, akacheka na mama yake. Na baba? Waliongea habari za mvua. Mjane anasema, "Niliwaambia, nyinyi wawili mtanizika mimi kabla hamjaongea. Kumbe tumemzika yeye."

Jumanne ya wiki iliyopita kiharusi kilimwangusha Karne akiwa ubaoni. Kilimchukulia sauti na mkono wa kulia. Binti alifika hospitalini Jumatano adhuhuri, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye sketi. Tulizungumza naye kwa simu.

"Nilimwambia, Baba, jibu lako lilikuwa zuri. Nalikumbuka lote. Kilichoniuma ni kwamba hukuniangalia." Akaendelea, "Midomo yake ikahangaika, jamani. Mtu aliyeongea miaka yote ile, halafu hakuna kilichotoka! Akanishika kisogo kwa mkono wa kushoto, akanivuta kifuani. Tukalia."

Alhamisi asubuhi alitoka kidogo kwenda kununua wembe, amnyoe ndevu baba yake. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Tulimuuliza kama amerudi kanisani. "Sijui niwaambie nini. Kwenye misa ya mazishi nilibaki kwenye benchi. Nilitamani kwenda kupokea, miguu ikakataa."

Kwa mjane, kwa binti, kwa sista na walimu wenzake, na kwa darasa la saba lililoachwa katikati ya sura, poleni sana. Msiba huu umetuuma hata sisi tulio studioni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Binti huyu alipata miaka kumi na tisa ya kumwambia baba yake kilichomuuma. Alimwambia kwa dakika chache, na baba hakuweza kumjibu. Yule mnayeongea naye habari za mvua bado ana sauti. Zimeni redio, mkamsemeshe.