Mjomba Anaikabidhi Rafu ya Majoka na Sayari

Tarehe 31 Julai mwaka huu, saa ya kufunga, mwenzetu wa ghorofa ya kwanza atavua kitambulisho chake cha kazi na kukirudisha ofisini, baada ya kuitumikia maktaba hii kwa miaka thelathini na miwili. Kitambulisho hicho kina jina lake kamili, lakini sidhani kama kuna msomaji anayelijua. Kwa wasomaji na kwetu sisi yeye ni Mjomba. Mjomba ni yule ndugu wa mama anayekupa alichokunyima baba, na mwenzetu amefanya kazi hiyo hasa: amewapa watu vitabu ambavyo walimu na wazazi wao waliwaambia ni vya kupotezea muda. Hadithi za majoka, za wachawi, za vyombo vya anga na za sayari zenye miezi mitatu.

Hakuanzia huko. Aliajiriwa kuwa fundi wa kujalidi vitabu, katika kile chumba cha nyuma ya bohari chenye meza moja, mashine ya kukatia karatasi na harufu ya gundi isiyoisha. Kabla ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akisoma magazeti tu, tena ukurasa wa michezo. Mwaka wake wa pili aliletewa riwaya nene iliyokatika uzi, kurasa zote zimetawanyika. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameipunguza pembezoni kwa mashine, akazikata na namba za kurasa. Njia ya kuipanga ilikuwa moja tu, kuisoma. Ilikuwa hadithi ya ufalme ulio chini ya ziwa. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anakumbuka kwamba juma lile mumewe alirudi nyumbani, akala, kisha akamuuliza kama samaki hulala.

Kazi ile haikutoka salama. Sura moja aliishona mahali pasipo pake, hivyo mfalme aliyezikwa kwa vilio anaonekana baadaye mezani, akilalamika kwamba chakula hakina chumvi. Kitabu kiliazimwa miaka na miaka na hakuna aliyekuja kushtaki. Baadhi ya wasomaji waliuliza kama tuna kingine cha mwandishi yule anayefufua watu bila makelele. Kosa liligunduliwa ilipofika nakala ya pili. Mjomba alitaka kuifumua ya kwanza na kuishona upya, lakini wasomaji wakamkatalia katakata, na mpaka leo nakala zote mbili zipo rafuni, kila moja ikiwa na wapenzi wake. Mjomba alijifunza jambo kuhusu wasomaji wa namna hii: hawashtuki upesi. Wakiona ajabu, wanangoja waone inaelekea wapi.

Alipohamishiwa kwenye kaunta, na baadaye ghorofa ya kwanza, aliomba apewe rafu ya vitabu hivyo peke yake, visichanganywe na riwaya nyingine. Alipewa ile iliyo jirani na mlango wa choo, kwa kuwa hakuna idara nyingine iliyoitaka. Kufikia mwaka wake wa kumi kazini, rafu moja ilikuwa nne, na Jumamosi asubuhi palikuwa na watu wanaokutana kwenye meza mbili ndefu zilizo mbele yake. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao maktaba nyingine sidhani kama inao. Aliyemaliza kitabu hakukirudisha kaunta. Alikuja nacho Jumamosi, akakishika juu, akasema neno moja la kukisifu au kukiponda, na anayekitaka akakipokea papo hapo, mkono kwa mkono. Aliyeufichua mwisho wa hadithi alifagia chumba. Fundi wa friji, ambaye ni msomaji wetu wa siku nyingi na hana breki mdomoni, amefagia kuliko mfagizi.

Mkewe Mjomba alitutembelea mwaka juzi, akazungushwa kwenye rafu zote nne, akatoa tamko lake: "Kumbe huyu ndiye mke mwenzangu! Hali, havai, hanuni. Nitamshinda wapi?"

Wenzetu wa idara nyingine huuliza mara kwa mara watu hawa wanasoma nini hasa siku hizi. Mwezi Mei nilikaa nao Jumamosi kadhaa nikaandika nilichokiona. Kwanza, vitabu hawaviiti kwa majina yake. Kinachogombewa zaidi sasa ni "kile cha konokono", kuhusu mji uliojengwa juu ya mgongo wa konokono mkubwa mno. Wananchi wanapiga kura kila mwaka kuamua mji uelekee wapi, na konokono hajawahi kuulizwa. Kinachofuata ni "cha wakunga". Hicho ni cha chombo cha anga ambacho safari yake itamalizwa na vitukuu wa walioianza, kwa hiyo mwenye kauli humo si nahodha, ni mkunga. Cha tatu ni chembamba, kinaitwa "cha kivuli", na kinamhusu mchawi anayekodisha vivuli katika nchi isiyo na miti.

Vita vya nyota kwa nyota vimepungua wasomaji. Majoka bado yapo, ila ya sasa ni makongwe na yanaugua, yanahitaji mtu wa kuyatunza, na wasomaji wanasema yanawakumbusha wazazi wao. Hadithi za roboti zinazotaka kuitawala dunia hazina soko kabisa. Muuguzi mmoja wa hospitali, ambaye hupitia hapa akitoka zamu, alizikataa kwa sababu za kikazi: "Mashine yetu ya wodini kuwaka tu mpaka uibembeleze. Itamtawala nani?" Zile riwaya za juzuu saba nazo zinaogopwa. Muuguzi huyo huyo alimwambia Mjomba, "Mimi nina watoto na nina zamu. Nipe kinachoisha."

Sasa nifike kwenye jambo lililomhangaisha Mjomba mwaka wake huu wa mwisho, kwa kuwa wasifu usiolitaja ungekuwa nusu.

Oktoba mwaka jana maktaba ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta, na pamoja nao ukaja uamuzi kwamba rafu ambazo vitabu vyake havitoki ziondolewe, vitabu vishushwe bohari, na nafasi ipewe meza za wanafunzi wa mitihani. Uamuzi ulikuwa na sababu. Sote tumewaruka wanafunzi hao waliokaa kwenye ngazi na madaftari magotini. Januari mkutubi mkuu, mama mwenye haki na mwenye haraka, alitusomea taarifa ya mfumo katika kikao cha wafanyakazi. Rafu ya kwanza katika zilizolala ilikuwa ya Mjomba.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kila kitabu cha rafu ile kilipita kaunta mara moja, siku kilipoazimwa na mtu wa kwanza. Baada ya hapo kilitembea mkono kwa mkono, na kompyuta haina macho mitaani. Kwa mujibu wa kumbukumbu za zamani zilizoingizwa humo, fundi wa friji alikuwa na kitabu kimoja kwa zaidi ya mwaka na hajakimaliza, ilhali kitabu chenyewe kilikuwa kimesomwa na nusu ya mtaa. Utaratibu uliowaleta watu ndio uliowafanya wasionekane. Mkutubi mkuu alisikiliza maelezo hayo, akasema anayaamini, ila hawezi kuyapeleka kwa walio juu yake. Akatoa muda hadi mwisho wa Mei, mfumo wenyewe uonyeshe kwamba vitabu vinatoka.

Mjomba anajua bohari, alifanya kazi mlangoni pake. Kitabu kikishuka huko hakipandi tena. Na yeye alikuwa anaondoka Julai, kwa hiyo asingekuwepo wa kukumbusha kwamba kiliwahi kuwepo. Jumamosi ya mwisho ya Januari alisimama mbele ya wasomaji wake, akawaambia kupokezana kumekwisha. Kila kitabu kirudi kaunta, na kila anayekitaka akiazime kaunta, kwa kadi.

"Kwa hiyo kompyuta imekushinda, Mjomba?" fundi wa friji akauliza.

"Haijanishinda. Imesema ilichokiona."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba kitabu kikipita kaunta kinapoa?"

"Ni mimi. Na sasa nasema bora kipoe kuliko kizikwe."

Muuguzi akanyoosha mkono. Kile cha wakunga alikuwa amempa wifi yake, na wifi amempa bosi wake. "Niende kukidai kwa bosi wa mtu? Nitaanzaje?"

"Anza na salamu," Mjomba akamwambia. "Ukifika kwenye kitabu, atakuwa ameshacheka."

"Na asipocheka?"

"Basi huyo hakukisoma. Mnyang'anye."

Watu wakacheka, lakini haikuwa asubuhi ya furaha. Wasomaji wawili wa zamani walisema hawakuja maktaba kupanga foleni kama wako benki, na hawajarudi tangu siku ile. Mjomba aliwaendea nyumbani, akapokewa vizuri, akarudi peke yake.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia, hata yeye. Wasomaji walipoanza kufuatilia vitabu, mnyororo ulikuwa mrefu kuliko walivyodhani, na mara nyingi kitabu kilikuja kimeshikwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga maktaba. Alikuja dereva wa lori na kile cha kivuli, jalada limeshika mafuta, akiomba radhi na akiuliza kama kuna kingine. Alikuja mlinzi wa benki. Bosi wa wifi ya muuguzi naye alikuja mwenyewe, kwa sababu hakuwa tayari kukitoa kile cha wakunga kabla ya kuhakikishiwa kwamba atakipata tena. Wote hao waliandikishwa, wakapewa kadi. Dada wa kaunta, ambaye kwa kawaida kazi ya Jumamosi huimudu peke yake na redio yake, aliomba msaidizi.

Vitabu vingine havikurudi, na Mjomba hakuvificha. Aliviandika mwenyewe katika taarifa yake kwa mkutubi mkuu, vikiwemo viwili alivyovipenda sana, akaongeza kwamba utaratibu uliovipoteza ulikuwa wake.

Tarehe 2 Juni jibu lilitoka. Rafu zote nne zinabaki. Lakini meza moja kati ya zile mbili imekwenda kwa wanafunzi, na kwa kuwa wanafunzi wanahitaji utulivu, mazungumzo ya Jumamosi sasa ni ya sauti ya chini na ya nusu saa. Sitasema kwamba mambo ni kama zamani. Mtu anarudisha kitabu, anayekisubiri anakipokea toka kaunta, na mara nyingi hawa wawili hawaonani. Mjomba mwenyewe akiulizwa husema amekata mguu kumwokoa mgonjwa, kisha huuliza swali jingine.

Rafu anamkabidhi dada wa kaunta. Dada huyu anakiri kwamba kabla ya Februari hakuwa amesoma hata kimoja katika vitabu hivi, na alidhani wanaovisoma wana matatizo nyumbani. Foleni ndiyo iliyombadilisha: amesikia watu wengi mno wakibishana mbele yake kuhusu konokono hata akaona aibu kutojua. Sasa anakisoma kile cha konokono kwa siri chini ya kaunta, na siri hiyo tunaijua sote.

Katika miaka thelathini na miwili Mjomba hakuwahi kuwa na kadi ya maktaba. Mfanyakazi haihitaji. Tena kwa mazoea yake kila kitabu kipya kikitolewa kwenye boksi alimpa msomaji kwanza, yeye akakisoma cha mwisho, kimechakaa, baada ya kusikia watu wote wanasema nini. Jumamosi iliyopita alisimama kwenye foleni ya kaunta, nyuma ya wanafunzi watatu na dereva wa lori. Fundi wa friji alipaza sauti kwamba wazee wapite mbele. Mjomba akamjibu kwamba mzee yupi, yeye ni mwanachama mpya. Alipofika zamu yake alijaza fomu, akapigwa picha, akapewa kadi, na akaazima kitabu kilichofika juma hilo, ambacho hakuna aliyekwisha kukisoma. Dada wa kaunta akakigonga muhuri bila kutabasamu, kama anavyowafanyia wote.

Mjomba, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, ahsante kwa vitabu ulivyovishona, na kwa kimoja ulichokishona vibaya. Ahsante kwa watu uliotuletea na kwa uamuzi wa Januari, ambao tunajua ulivyokugharimu. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka na siku ndefu pamoja na mama cherehani, ambaye hatimaye atakuwa na mumewe mchana. Lakini usizoee sana kukaa nyumbani. Kitabu ulichochukua kinatakiwa kaunta tarehe 14 Agosti, na muuguzi ameshajiandikisha nyuma yako.